Rangi Niliyompaka Fundi Okumu

Nekesa mwanangu,

Habari za blanketi, sabuni na kufuli la sanduku umeshazipata kwa mama yako, tena mara tatu. Mimi sitaongeza neno. Wala sitakuandikia usome kwa bidii, maana mtoto aliyenisahihisha Kiingereza changu mbele ya mchungaji akiwa darasa la sita hana haja ya kusukumwa na baba.

Ni Jumapili alasiri. Wewe umeenda Kawangware kumuaga shangazi yako Nafula, na mama yako ameketi mlangoni anashona jina lako kwa uzi mwekundu kwenye kila nguo, mpaka soksi. Nimemwuliza ni nani ataiba soksi. Amenijibu kwamba shule ya bweni si Laini Saba, huko kuna wezi. Nikachukua kalamu. Karatasi hizi ni za aina ya ofisini lakini nimezinunua mwenyewe. Nalisema hilo kwa sababu unanijua.

Unanijua, ila si kwa yote. Kuna jambo nililokuficha kwa karibu miaka miwili, na sitaki upande basi kesho ukiwa bado umelishika kichwa chini miguu juu. Linamhusu jirani yetu Fundi Okumu na lile jina la Rangi ambalo mtaa wetu mzima wa Laini Saba humwita, wewe ukiwamo.

Nitaanza mwanzo, hata pale unapopajua. Karani hawezi kuanza katikati ya faili.

Ulikuwa darasa la tatu Fundi alipotengeneza ule ubao. Kibanda chake kilikuwa palepale kilipo leo, hatua chache kutoka kwenye reli, na kazi yake ilikuwa ileile ya kufufua redio. Alipenda sana chesi, lakini hakuwa na muda wa kuwafundisha watoto mmoja mmoja. Basi akachukua kipande cha plaiwudi, akachora vyumba sitini na vinne, na katika kila chumba akapigilia misumari miwili, vichwa vikichungulia kidogo tu. Chini ya kila kete akagandisha kizibo cha soda. Nyuma akapitisha nyaya, pembeni akaweka betri na balbu ya tochi. Alipanga swali kwa kuunganisha nyaya: mfalme mweusi yuko pale, wewe ni mweupe, mmalize kwa hatua moja. Ukiweka kete mahali sahihi, balbu iliwaka. Ukikosea, kidude alichokitoa kwenye redio mbovu kililia mee, kama mwana-mbuzi aliyeachwa na mama yake.

Mkauita ubao Mbuzi. Kila Jumamosi nilipotoka kazini saa saba nilipita pale, na niliweza kujua kwa kusikiliza tu kama ulikuwa ndani. Ulipokuwamo, Mbuzi alilia mara chache.

Aliyemaliza maswali yote, Fundi alimwandika kwa penseli nyuma ya ubao, jina na tarehe. Kumbuka penseli hiyo.

Baadaye Fundi akaanza kuwauzia walimu mbao nyingine kama huo, mmoja hapa, mwingine pale. Kisha Jumanne moja akatujia na bahasha mkononi, amevaa shati la kanisani.

"Karani, nisomee hii. Kizungu chake kina meno."

Ilikuwa barua ya mawakili wa kampuni fulani ya vifaa vya shule. Kampuni ilikuwa imepeleka ombi la hataza, yaani karatasi ya serikali inayosema kwamba kitu fulani kipya kimebuniwa na fulani, na asikitengeneze mwingine bila ruhusa yake. Kitu chenyewe kilikuwa "ubao wa sataranji wa umeme". Walimtaka Fundi aache kutengeneza mbao zake na azikabidhi zote.

"Nimpeane Mbuzi?" Fundi akauliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Hawa watu waliota ndoto yangu ama?"

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kupanga faili katika ofisi ya wakili wa mambo hayohayo ya hataza, yule mama ambaye sote tunamwita Madam. Unachojua pia ni kwamba namwogopa. Naogopa viatu vyake vinapogonga ngazi. Naogopa mhuri wake, kwamba nitaugonga kichwa chini. Siku ile nilisimama mlangoni kwake na bahasha ya Fundi mpaka akaniuliza kama mlango umenishika. Alisoma, akatabasamu, akasema tutaichukua kesi, na malipo yatangoja.

Halafu akanieleza. "Hatuna haja ya kuonyesha kwamba Okumu ni hodari. Tunachotaka ni kuonyesha kwamba kitu hiki kilijulikana hadharani kabla ya siku waliyopeleka ombi lao. Kilichokwisha kujulikana si kipya, na kisicho kipya hakipewi hataza. Alete ubao wa kwanza kabisa, ule mkuukuu." Akasafiri kwenda Mombasa kwa kesi nyingine, akaniachia matayarisho.

Mkuukuu. Alisema mkuukuu, Nekesa, nami nikasikia kwa masikio yangu yote mawili.

Lakini nilipomwangalia Mbuzi pale kibandani, nilishikwa na aibu. Alikuwa na madoa ya chai. Pembe moja ilikuwa imetafunwa na panya. Nikafikiria afisa wa serikali atakayeisikiliza kesi, meza yake ya kung'aa, na Mbuzi juu yake. Mimi nimelelewa katika shule ambayo mkaguzi akitangazwa, mawe ya njiani yalipakwa chokaa, na mashina ya miti, na siku moja hata mguu wa ng'ombe aliyekataa kuondoka. Hakuna mkubwa aliyewahi kuonyeshwa kitu chetu kilivyo. Nikaona huo ndio uangalifu.

Nikamwandikia Fundi maagizo kwenye kikaratasi, kwa mwandiko wangu bora: ubao usuguliwe kwa msasa mbele na nyuma, upakwe rangi ya mafuta, nyeupe na kijani, ufike ukiwa nadhifu. Nikatia tarehe na sahihi, kama nilivyofundishwa.

Fundi alinijia na kikaratasi mkononi. "Nyuma pia, Karani? Huko kuna majina ya watoto."

"Tutayaandika upya, kwa mwandiko mzuri."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Jioni ya kuamkia kikao nilipita kukagua. Mbuzi alikuwa anameta kama mlango wa benki. Niliinama kumwona vizuri, na pindo la mkono wa shati langu likaondoka na kijani.

Madam alifika kutoka Mombasa asubuhi ileile ya kikao, na mara ya kwanza kumwona Mbuzi ilikuwa mezani mbele ya afisa. Uso wake haukubadilika, lakini kalamu aliiweka chini. Chumba kizima kilinuka rangi. Wakili wa kampuni, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, aliugusa ubao kwa kidole kimoja, akakiinua juu. Kilikuwa kijani.

"Mheshimiwa," akasema, "ushahidi wa mwenzangu haujakauka."

Walicheka wote, mpaka afisa. Kisha afisa akaacha kucheka, akauliza, "Nani aliyekipaka rangi kitu hiki?"

Mwanangu, kikaratasi changu kilikuwa mfukoni mwa shati la Fundi. Niliona ncha yake nyeupe kutoka nilipoketi. Mkono wangu wenye pindo la kijani ulikuwa mfukoni tangu tuingie. Niliiwaza kazi yangu, nikakuwaza wewe na shule unayokwenda kesho, nikaitazama sakafu. Ilikuwa sakafu ya mbao, imepigwa nta vizuri.

"Ni mimi, mheshimiwa," Fundi akasema. "Nilitaka kipendeze."

"Hukujua kwamba uzee wake ndio ungekusaidia?"

"Mimi ni mtu wa redio. Redio ya kitambo hakuna anayeitaka."

Wakacheka tena. Afisa akatupa wiki mbili tulete ushahidi mwingine, la sivyo pingamizi letu lingetupwa na Fundi angefunga kazi ya mbao.

Sehemu inayonichoma zaidi yafuata, nayo ni fupi. Nilifika nyumbani, mama yako akaniuliza mambo yalikwendaje, nikasema, "Fundi aliupaka ubao rangi." Sikusema uongo hata neno moja. Nyuma ya pazia wewe ulisikia, ukacheka, kesho yake ukawasimulia rafiki zako, na kufikia Ijumaa watoto wa reli nzima walikuwa wakiimba, "Rangi! Rangi mbili!" Kwa hiyo jina lile halikuzaliwa kule mjini. Lilizaliwa hapa kwetu, na wewe huna kosa. Ulipewa nusu ya habari, na nusu huchekesha kuliko nzima.

Sehemu inayofuata ni yako, na naipenda. Siku ya tatu nikiwa nasukuma ugali huku na huku kwenye sahani, ulisema, "Baba, si mimi niliandika juu ya Mbuzi kwa insha? Nikiwa darasa la tano?"

Nikakumbuka papo hapo, maana nilikugombeza kwa insha hiyo. Uliandika "Mashine Ninayoipenda", ukaongeza na mchoro wenye mishale, nami nikasema kitabu cha insha si cha michoro. Mwaka ulipokwisha nilifunga madaftari yako yote kwa kamba, nikampelekea shangazi yako akayachane afungie njugu.

Jumamosi tulikwenda Kawangware kwa miguu, wewe mbele, mimi nyuma nikiomba. Shangazi yako alikuwa mahali pake pa kuuzia njugu, pale steji ya matatu ya Hamsini na Sita, kati ya saluni na duka la misumari. Alipoelewa tulichofuata, aliita majirani waje wasikie.

"Njooni mwone kaka yangu! Amesoma mpaka akapitiliza. Leo anatafuta karatasi ya njugu!"

"Nafula, kuna kesi."

"Kesi ya nani? Ya njugu?" Lakini mikono yake ilishaanza kupekua gunia. "Za hesabu zimeisha. Hizo huenda haraka, zina karatasi ngumu. Za insha ziko, watu hawazipendi, wanasema zinawasomesha wakila."

Ukapata ukurasa wa kwanza, wenye mchoro. Wa pili, ule wenye mwisho wa insha na kalamu nyekundu ya mwalimu, haukuwamo. Tulipekua mpaka chini. Ndipo ukanivuta shati, ukanionyesha kwa kidevu. Binti wa saluni alikuwa ameegemea mlango, kitana kimechomekwa nywelani, anatafuna njugu kutoka kwenye koni ya karatasi. Wekundu ulionekana hata kwa mbali.

"Dada, samahani," nikasema. "Hiyo karatasi ni ya serikali."

"Ya serikali? Hii nimenunua na njugu zake."

"Nitakununulia nyingine."

"Ngoja nimalize kwanza. Na usinitolee macho hivyo, mzee, siwezi kula karatasi."

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mzee. Tulisimama mbele yake wote wawili kama watu wanaongoja daktari, naye akala njugu moja moja, kwa makusudi, huku mteja wake akiita kutoka ndani kwamba nusu ya kichwa chake inapata baridi. Mwishowe akakung'uta chumvi, akakupa wewe, si mimi.

Kikao cha pili wewe ulikuwa shuleni. Nilikusimulia juu juu, lakini leo nataka ukione. Madam alisimama na hati ya kampuni mkono huu na insha yako mkono ule. Alisoma dai la kwanza la kampuni: miguso ya chuma katika kila chumba cha ubao. Akasoma insha: "Katika kila chumba kuna misumari miwili." Dai la pili: kete zenye kitako cha kupitisha umeme. Insha: "Kete imevaa kizibo cha soda kama kiatu." Dai la tatu: taa ya kuthibitisha hatua iliyo sahihi. Insha: "Ukipatia, balbu inafurahi." Dai la nne: chombo cha kutoa sauti ya kuashiria kosa. Hapo Madam akasita, akakohoa, akasoma kwa sauti ileile ya mahakamani: "Ukikosea inalia mee."

"Karatasi hii inanuka njugu," wakili wa kampuni akasema.

"Njugu hazikutia sahihi," afisa akamjibu. "Mwalimu ametia."

Na mwalimu wako alikuwapo, na daftari lake la alama lenye tarehe zilezile. Chini ya insha alikuwa ameandika kwa nyekundu, "Vizuri sana. Umeiona wapi?" Nawe ulikuwa umemjibu kwa penseli chini yake, mtoto wa darasa la tano: "Kwa Fundi Okumu, Laini Saba, kila Jumamosi. Watu wote wanaruhusiwa."

Watu wote wanaruhusiwa. Madam aliyasoma mara mbili. Sheria ilitaka kujua kama kitu kilikuwa hadharani, na wewe ulishajibu kabla haijauliza.

Ombi la kampuni likakataliwa. Afisa akamweleza Fundi kwamba naye vilevile hawezi kupata hataza, kwa sababu hiyohiyo: kilichojulikana na wote ni cha wote. Nilidhani angehuzunika. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi ni sawa. Wacha kila mtu atengeneze. Tutaona ya nani inalia vizuri."

Tulipokuwa tukishuka ngazi, alitoa kikaratasi changu mfukoni.

"Shika barua yako, Karani. Imenichoma kifua wiki mbili."

"Kwa nini hukuitoa siku ile?"

"Ningeitoa, wewe ungeenda wapi? Mimi hakuna mtu wa kunifuta kazi. Redio gani itanifuta? Wewe unaye." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Na Nekesa anataka kuingia shule kubwa."

Nilipaswa kusema siku hiyohiyo. Nikajiambia nitasema wiki ijayo, nikishatulia. Sikutulia. Nimegundua, mwanangu, kwamba uoga wangu haujawahi kunijia na sura ya uoga. Ungekuja hivyo ningeufukuza. Huja umevaa unadhifu, umebeba rula, unaniambia nisubiri mpaka mambo yapangike. Ndio ulionipa kikaratasi cha rangi, ndio ulionitazamisha sakafu. Pengine wako utakujia na nguo nyingine. Mimi naujua wangu tu.

Ijumaa iliyopita barua yako ya shule ikiwa mfukoni, nilisimama mlangoni kwa Madam, nikamweleza yote, kuanzia msasa. Alivua miwani.

"Umekuja kuniambia leo?"

"Ndiyo, Madam."

"Nilikuona. Mtu anayeketi saa mbili nzima na mkono mfukoni ama ana bastola ama ana rangi. Na wewe, Karani, bastola huna."

"Mbona hukusema, Madam?"

"Nilikuwa nangoja nione utachukua muda gani." Akavaa miwani. "Umechukua mrefu. Funga mlango ukitoka."

Niliufunga polepole, nikatembea mpaka mwisho wa ukumbi, nikagundua kwamba nacheka peke yangu. Basi hilo ndilo nililoliogopa karibu miaka miwili.

Lililobaki ni wewe, na Laini Saba. Kwako wewe, ni barua hii. Kikaratasi chenyewe nimekikunja ndani yake, na tarehe yake na sahihi yangu, ili asiwepo wa kubisha. Chini ya blanketi utakuta ubao ambao Fundi amekutengenezea. Haukupakwa chochote. Nyuma ameandika jina lako kwa penseli, na tarehe ya siku ulipomaliza maswali yote ya Mbuzi, maana anaikumbuka. Uchafuke, uchakae, umwagikiwe chai. Usiusugue.

Kesho asubuhi Fundi atakuja kukubebea sanduku mpaka barabarani. Tutapita mbele ya vibanda vyote, na unajua watakavyopiga kelele wakimwona na mzigo begani. "Rangi! Rangi mbili! Unahama?"

Usicheke wala usikasirike. Tembea tu kando yake. Nitakuwa nyuma yenu na godoro kichwani, na wakiita Rangi, nitakayeitika ni mimi.

Baba yako